Lita Mbili na Robo Hazijulikani Ziliko

Jumatatu, 4 Machi

Gari limechemsha tena. Mara ya nne katika siku kumi na saba! Mshale wa joto umepanda hadi kwenye alama nyekundu nikiwa mbele ya lango la mteja wangu mkubwa, yule mama mwenye vyoo sita. Mvuke ukafuka kwenye boneti. Mama mwenye vyoo sita akauliza kama siku hizi natembea na jiko. Nikacheka. Kicheko cha kibiashara.

Nimeongeza maji lita mbili na robo, nimeyapima kwa chupa yenye alama. Jumla tangu balaa lianze: lita tisa kasoro robo. Nimelala chini ya gari dakika ishirini. Pakavu. Hata tone!

Na ieleweke mimi ni nani. Mimi ni fundi bomba. Nilianza na spana moja, tena ya kuazima. Leo nina masanduku mawili ya vifaa, nyumba ya vyumba vinne ambayo kila bomba lake nimelipitisha kwa mikono hii, na gari langu mwenyewe, Malkia, umri miaka ishirini na mitatu, kilomita 318,400. Miaka ishirini na sita ya kazi na hakuna kiungo nilichokikaza kikavuja. Halafu Malkia wangu anipotezee maji! Wahenga walisema mganga hajigangi. Wahenga hawakunijua mimi.

Na Jumatatu ijayo ndiyo siku yenyewe. Binti yangu anaanza kazi ya uuguzi katika hospitali iliyo kilomita 94 kutoka hapa, huku katikati kuna mlima wa kilomita saba. Barua inasema aripoti kabla ya saa nne kamili asubuhi. Atakayechelewa, nafasi yake inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Tangu akiwa darasa la tano nilimwahidi kuwa siku yake ya kwanza ya kazi nitampeleka mimi, kwa gari langu.

Mke wangu ameuliza, kwa ile sauti yake ya upole inayoniudhi, kama si busara kaka yake ampeleke. Kaka yake, yaani shemeji yangu, ana gari jeupe la juzijuzi. Halichemshi. Halina historia pia. Nimejibu kwamba zikauke kwanza bahari zote.

Jumanne, 5 Machi

Nimepita kwa fundi magari wa pale kona. Watu wanamwita Spana kwa sababu haiweki chini hata akila. Kaniuliza maswali kama daktari. Moshi mweupe unatoka? Hautoki. Mafuta ya injini yamegeuka rangi ya chai ya maziwa? Hayajageuka. Nani mara ya mwisho alishika kifuniko cha rejeta?

Nikamwambia ukweli: mimi, tena kwa ustadi. Raba ya kile kifuniko ilikuwa imechakaa. Tarehe 15 Februari nikaing'oa, nikaweka wosha, kile kiduara cha raba kinachokaa ndani ya bomba la nusu inchi. Kimeingia kama kilizaliwa humo.

Spana akajikuna kichwa kwa spana yake. Kisha akaomba nimwachie kifuniko akitazame. Nikakataa! Leo kifuniko, kesho injini iko chini vipandevipande na mimi natembea kwa miguu. Nawajua mafundi. Mimi mwenyewe ni fundi.

Akasema basi angalau nitie kulanti, ile dawa ya kupozea injini, badala ya maji matupu. Nikamuuliza kama anataka kunifundisha mimi habari za maji. Akasema hapana mzee, nani anaweza. Nimeondoka kichwa juu.

Jumatano, 6 Machi

Siku ya fahari! Nimemfanyia Malkia kile ninachofanya kwa kila nyumba kabla ya kukabidhi funguo: kipimo cha presha.

Nilifungua kifuniko cha rejeta, nikakiweka pembeni juu ya kitambaa safi. Pale penye mdomo nikafunga pampu yangu ya mkono na saa ya presha. Nikapiga hadi presha ya baa moja. Nikavuta kigoda, nikakaa. Dakika kumi: baa moja. Dakika ishirini: baa moja. Dakika arobaini: baa moja, sindano haijatikisika hata unywele!

Mipira yote mizima. Rejeta nzima. Pampu ya maji nzima. Nimeita familia waje waone. Mke wangu ametazama sindano, akatazama kitambaa, akauliza kile kifuniko pale pembeni nacho kinapimwa saa ngapi. Nikamweleza kwa uvumilivu kwamba kifuniko hakipimwi, kifuniko ndicho kinachofunika. Amesema haya.

Kwa hiyo imethibitika kitaalamu. Gari halivuji. Na kama gari halivuji na maji yanapungua, basi maji yanachukuliwa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekaa na daftari. Hesabu haina rafiki wala adui.

Maji yalianza kupungua tarehe 16 Februari. Je, tarehe 15 kulitokea nini? Nimeperuzi shajara hii hii. Mambo mawili tu. Asubuhi nilitengeneza kifuniko. Jioni shemeji alianza kuegesha gari lake uani kwetu, eti mtaa wao unachimbwa. Jambo la kwanza nililifanya mimi, kwa hiyo nalitoa kwenye hesabu. Linabaki moja.

Shemeji!

Sababu anayo. Mtoto akipelekwa na mjomba, sifa zote kwa mjomba. Ndiye aliyembatiza Malkia wangu jina la Birika, na akifika tu lazima aulize kama chai imeshaiva.

Mtego nimeutega mara mbili. Kwanza, uzi mweusi kwenye ukingo wa boneti, wa kukatika ikifunguliwa. Pili, nimechukua pakiti ya rangi ya zambarau ambayo mke wangu anatilia mapazia na kuikoroga kwenye maji ya rejeta. Mwenye kuiba maji yangu atatembea na viganja vya zambarau wiki nzima. Hata askari hana mbinu hii.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi: uzi mzima. Maji palepale, hayajapungua hata kijiko. Mwizi amenusa mtego.

Nimeendesha kilomita 14 kwenda kuzibua sinki. Nilipotoka kwa mteja: nusu lita haipo! Na uzi mzima! Yaani anakula maji bila kufungua boneti. Huyu si mwizi wa kawaida.

Jioni shemeji amefika. Nikampa mkono, kisha nikaugeuza kiganja juu nikauangalia vizuri. Safi. Akauliza shem vipi, siku hizi unasoma na nyota? Nikasema nilikuwa nampima afya. Mikono safi haimaanishi kitu. Glavu zipo madukani.

Jumapili, 10 Machi

Ugomvi. Mke wangu ametangaza mezani kwamba kesho kaka yake atafuata nyuma na gari lake, litabeba godoro na masanduku. Nimesema Malkia anabeba godoro na masanduku na hospitali yenyewe ikibidi. Amesema, Baba Watoto, tatizo si kubeba, ni kufika.

Baadaye binti yangu alinikuta uani napangusa taa. Akachukua kitambaa kingine, akapangusa ya pili. Akasema, Baba, mimi nataka unipeleke wewe. Ila nafasi ile niliisubiri miaka miwili, na kwenye orodha kuna wenzangu kumi na wanane nyuma yangu. Nikamwambia asihofu, baba yake ana miaka ishirini na sita bila kuvuja. Akanitazama kama anavyotazama wagonjwa. Ana macho ya kazi yule.

Jumatatu, 11 Machi

Naandika yote, kwa mpangilio, ili mtu asije akabadilisha historia.

Ilikuwa tuondoke saa kumi na mbili. Tumeondoka saa moja na dakika arobaini kwa sababu ya ukaguzi wangu: maji mapya, rangi mpya, uzi mpya. Binti mbele pembeni yangu, mama yake nyuma na mkoba mapajani. Shemeji anatufuata kwa gari lake jeupe, karibu mno, kama anayetafuta ushahidi.

Kilomita 61, mlima. Mshale nusu. Kilomita 62, mshale robo tatu. Nikawaambia watazame mandhari. Kilomita 63, saa tatu na dakika mbili: mshale mwekundu, harufu ya moto, na kutoka kwenye boneti mvuke wa ZAMBARAU. Nikafunga breki pembeni. Upepo ulikuwa unavuma kurudi nyuma.

Shemeji alishuka pole pole. Gari lake jeupe lilikuwa na madoa ya zambarau. Nimeyahesabu: arobaini na moja kwenye boneti peke yake. Akayatazama, akanitazama mimi, akauliza kwa utulivu wa kutisha: shemeji, chai ya leo umetia nini?

Nikataka kufungua kifuniko palepale nioneshe kuwa kiko sawa. Binti yangu akanishika mkono kwa nguvu, akasema, Baba, kifuniko cha moto hakifunguliwi, mvuke utakubabua uso, nimewafunga bandeji watu wa aina hiyo. Akainua boneti (uzi ukakatika, na mimi nikashuhudia), akainama, akanyoosha kidole.

Ilikuwa wazi kama ramani. Mchirizi wa zambarau ulianza kwenye kifuniko, ukapita juu ya rejeta, ukaishia kwenye bomba la moshi, na pale umekauka kuwa gamba. Akaeleza kana kwamba anamweleza mgonjwa: injini ikiwa baridi maji yanatulia, ndiyo maana Baba huoni kitu. Ikipata moto presha inapanda, raba ya bomba inalegea, maji yanapita juu na kukaukia kwenye bomba la moshi kabla hayajagusa ardhi. Nikauliza nani kamfundisha. Akasema mtu naye ana mishipa na presha, Baba.

Saa tatu na dakika tano. Kilomita 31 zimebaki. Kupoza injini, dakika arobaini. Nikapiga hesabu mara mbili, mara ya pili kwa kujipendelea. Haikutosha.

Binti yangu akawa ananisubiri niseme mimi. Shemeji naye akaenda kufungua buti ya gari lake. Nikafungua mlango, nikachukua begi lake la vyeti, nikaliweka mwenyewe kwenye gari la madoa. Nikamwambia, nenda mwanangu, kazi haisubiri gari. Nikageukia mlima, nikautazama kwa makini. Mvuke uliingia machoni.

Walipoondoka, mke wangu akafungua mkoba. Ndani: kifuniko kipya cha rejeta! Spana alimpa tangu Jumanne. Nikauliza kwa nini amekaa nacho siku sita. Akasema ulikuwa unapima, sikutaka kukusumbua. Pembeni ya barabara palikuwa na dumu la lita kumi la maji. La shemeji. Alilishusha bila kusema.

Injini ilipopoa tukafunga kifuniko, tukajaza maji. Mlima wote uliobaki, mshale nusu. Tuliingia lango la hospitali saa tano na dakika kumi. Binti yangu aliripoti saa tatu na dakika hamsini na moja. Dakika tisa! Alitoka wodini mbio, sare imenyooka, akanishika mkono akanizungusha kwa wenzake, huyu ndiye baba yangu, huyu ndiye fundi. Sijui niandike nini hapo. Nilikohoa sana.

Katika wodi yake bomba la sinki linadondosha maji: tone moja kila sekunde mbili, sawa na matone 43,200 kwa siku. Wauguzi walisema linadondosha tangu mwaka jana. Nikatoa mfukoni wosha yangu ya nusu inchi, ile ya kwenye kifuniko, nikaipangusa rangi, nikaifunga. Dakika nne. Kimya. Hata tone! Muuguzi mkuu alipiga makofi. Shemeji naye alipiga. Nimemsamehe.

Jumatano, 13 Machi

Nimekaa na daftari. Nimepata somo kubwa na naliandika bila aibu, maana mtu mzima hukubali kosa.

Kosa lilikuwa kipimo. Nusu inchi ni ndogo kwa kifuniko cha rejeta. Inatakiwa robo tatu.

Nimekifungua kile kifuniko kipya cha Spana. Raba yake nyembamba kama ganda la kitunguu! Nimeitupa na kuweka wosha ya robo tatu, mbili kwa pamoja, na utepe wa kuzibia juu yake. Imebana kiasi kwamba nimefunga kwa koleo. Nimejitolea pia kukiboresha kifuniko cha shemeji, kama fidia ya madoa. Amesema nikiligusa gari lake atahama ukoo.

Jana jioni ameegesha tena hapa uani, mtaa wao haujakwisha kuchimbwa. Leo nimeendesha kilomita 14 tu. Nimepima maji.

Nusu lita haipo.

Sitaki kumtuhumu mtu. Nimeomba tu mke wangu aniambie alipoweka pakiti yake nyingine ya rangi ya mapazia, ile ya kijani.