Vidole Vitatu vya Ziada

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Siku kubwa! Mama ametangaza leo dukani, mbele ya wateja, kwamba goti lake limegoma na hataongoza tena msafara wa baiskeli wa Jumapili. Wa tarehe kumi na saba atausimamia akiwa ndani ya pikapu ya vifaa. Atakayewapeleka watu siku hiyo na kuwarudisha wote salama ndiye atakayeachiwa filimbi.

Filimbi! Ile ya shaba, yenye kamba nyekundu iliyopauka. Niliizoea kabla sijajua kusema vizuri. Nilikuwa nakaa nyuma kwenye karia, nimemkumbatia Mama kiunoni, yeye anaipuliza, na watu wazima na ndevu zao wanasimama papo hapo. Naitaka. Sitamwambia mtu, lakini naitaka kweli.

Wanaofikiriwa ni wawili. Wa kwanza mimi, kitinda mimba wa mwenye duka, msemaji wa duka, mwenye jicho la rangi. Wa pili Daktari wa Meno, mteja wetu, mtu wa miguu mirefu na adabu iliyozidi kiasi. Anamwita Mama "mama yangu". Mama yake tangu lini? Ebo!

Mkakati: baiskeli mpya ya kupimwa. Dada yangu ndiye fundi. Anakata mabomba na kuchomelea fremu moja moja kwa kipimo cha mwili wa mtu, na watu wanafunga safari kumfuata. Nimemwomba anitengenezee yangu kabla ya msafara. Kaniuliza siku zote hizi nilikuwa nangoja nini. Nimemjibu kwamba nilikuwa naipa nafasi dunia ijiandae.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Nimepimwa. Niandike jinsi inavyofanyika, kwa faida ya watakaokuja kusoma maisha yangu. Mteja anavua viatu, anabaki na soksi, anaegemea ukuta wa karakana. Anabana kitabu chenye jalada gumu katikati ya mapaja, kinapandishwa hadi kisiweze kupanda tena (hapo wateja wengi hutoa macho), na Dada anachora alama ukutani kwa penseli. Kutoka sakafuni hadi alama ndio urefu wa mguu. Fremu yote inaanzia hapo.

Shida ni huo ukuta. Alama hazifutwi, na kila moja ina mwenyewe. Ya Daktari iko juu kabisa, inakaribia kitasa cha mlango. Chini yake ni ya Mama. Jana nilijipima kimyakimya wakati Dada amekwenda kununua vijiti vya kuchomelea. Yangu ingekuwa chini ya Mama. Vidole viwili chini ya mama mzazi mwenye goti bovu! Mimi, mtu mwenye mke!

Basi leo asubuhi nikakata tairi kuukuu vipande vinne, viwili kila mguu, nikavitia ndani ya soksi. Vidole vitatu vya ziada, safi. Dada alipochora alama alirudi nyuma, akaitazama, akasema hakujua kwamba nimerefuka. Nikamwambia ni mazoezi. Nimempita Mama kidole kizima!

Mke wangu kauliza jioni mbona soksi zinanuka mpira. Nimesema ndio harufu ya kazi.

Jumatano, tarehe 13 Agosti

Imekwisha! Baiskeli yangu imetoka kwenye rangi. Rangi ya machungwa, yenye mstari mweupe mwembamba aliouchora Dada kwa mkono bila kupumua. Maungio ya fremu ni laini hata kidole hakijui bomba moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi. Wateja waliacha kulipa wakaja kuitazama. Kusema kweli nilijisikia fahari, na si kwa ajili yangu peke yangu. Yule ni dada yangu. Hakuna mwingine mwenye mkono kama wake.

Nilishavaa tayari. Fulana ya rangi ya machungwa, glavu, kofia ngumu, na kaptura ya kubana yenye sponji nyuma. Mke wangu kasema natembea kama bata aliyefiwa. Wivu.

Nikaenda nayo uchochoroni nyuma ya duka kuijaribu bila mashahidi. Nikarusha mguu. Lo! Bomba la juu lilinisalimia mahali ambapo sikulitarajia. Nikatulia kwanza. Nikashusha kiti hadi mwisho. Bado. Nikiwa nimekaa, makanyagio nayagusa kwa ncha za vidole, na ardhi siigusi kabisa. Kupanda, lazima nisimame juu ya ngazi. Kushuka, lazima kuwe na ukuta, nguzo au mtu mwenye huruma.

Njia moja ni kumwambia Dada. Lakini nikimwambia ataniuliza, na akiniuliza tutafika kwenye soksi.

Nimetafakari hadi wakati wa chai, na jibu limekuja lenyewe. Shida iko kwenye kusimama tu. Nisiposimama, hakuna shida. Na kiongozi kazi yake ni kwenda!

Jumapili, tarehe 17 Agosti

Naandika nimelala kifudifudi. Nitaeleza kwa utaratibu.

Alfajiri niliwahi dukani kuliko wote, nikapandia kwenye ngazi ya mlangoni, nikashika nguzo ya kibaraza. Watu walipofika walinikuta juu tayari, nimetulia, natazama mbali. Walivutiwa. Muuza Maua, ambaye ndiyo kwanza ameanza kuendesha, alisema napendeza. Daktari wa Meno alikuja na salamu zake ndefu, akampa kila mtu mkono. Mimi sikuweza kuachia nguzo. Nikamwitikia kwa kichwa, kama mtu mwenye mambo mazito.

Mama akapuliza filimbi kutoka kwenye pikapu, Dada akiwa kwenye usukani. Nikachomoka! Sijisifu, lakini barabara yote ya kwanza hakuna aliyeona kitu ila sponji langu. Kwenye njia panda wote wakasimama kungoja magari. Mimi nikakata kona, nikazunguka duka la dawa, nikarudi nyuma yao, nikawapita tena njia ilipofunguka. Nikasikia mtu akiuliza jamaa huyu anakula nini.

Mahali pa kunywa maji, penye uwanja wa mpira, walishuka wote wakakaa kivulini. Mimi nikazunguka uwanja. Nikazunguka tena. Koo limekauka kama gunzi. Kila nikipita naona chupa ziko midomoni mwao. Daktari alisimama pembeni akaninyooshea chupa, nikainyakua nikipita, nikajimwagia karibu yote usoni. Wakapiga makofi. Makofi! Pale nilijua filimbi ni yangu.

Kisha tairi la Muuza Maua likapasuka. Msafara ukasimama. Daktari akapiga magoti kwenye vumbi, akatoa mpira, akatia mwingine, akimwonyesha mwenye baiskeli namna ya kufanya. Mimi nikawazunguka nikitoa maelekezo. Sentensi moja niliigawa katika mizunguko mitatu. Pikapu ilikuwa imesimama nyuma, na Mama alikuwa ametoa kichwa dirishani. Nikachukulia kwamba amezidiwa na furaha.

Tukarudi. Nilifika wa kwanza, mbali mbele yao, na hilo lilikuwa kosa, maana hapakuwa na mtu wa kunishika, na nguzo yangu muuza magazeti alikuwa ameiegemezea mkokoteni wake. Nikapitiliza. Nikazunguka mtaa mzima. Niliporudi, wengine walikuwa wameshawasili, baiskeli zimeegemezwa kila mahali palipokuwa na ukuta, na Mama amesimama mlangoni ameinua filimbi mkononi, ananitazama mimi.

Sasa nani angefikiri vingine? Nikaielekea, nikaikwapua kwa kamba, nikaivaa, nikaipuliza kwa nguvu zangu zote. Mtaa wote ukasimama! Muuza magazeti akasimama! Nilikuwa na miaka mitano tena, isipokuwa safari hii mpulizaji ni mimi. Hata iweje, dakika ile hakuna wa kuninyang'anya.

Nikageuka kuona kama Daktari ananitazama. Ananitazama. Nikaingia dukani na baiskeli, nikapanda juu ya rafu ya kofia ngumu.

Kofia zilimwagika hadi barabarani zikibingirika. Baiskeli haikuanguka, ilinasa kati ya rafu na meza, nami nikabaki juu yake nikining'iniza miguu, sina pa kukanyaga. Daktari wa Meno alikuja taratibu, akaniomba radhi, akanishika makwapani, akanishusha chini. Mbele ya watu wote!

Halafu akauliza, kwa adabu ile ile, kama fremu si kubwa kidogo. Labda mkono wa Dada uliteleza?

Mkono wa Dada haujawahi kuteleza. Dada akanitazama. Mimi nikawa nachunguza feni ya dari. Nilijisikia vibaya kweli, sitaficha. Lakini hapakuwa na nafasi nzuri ya kusema.

Mama akanivua filimbi shingoni, akaivaa mwenyewe. Kasema nguvu ameziona, hazikatai. Lakini miaka yote ile hakuwa anapuliza filimbi ili watu waende, watu huenda wenyewe. Alikuwa anapuliza ili wasimame, wamngoje aliye nyuma. Atatazama tena msafara wa tarehe thelathini na moja.

Hajampa Daktari! Nimelala na ushindi huo.

Jumatatu, tarehe 18 Agosti

Siwezi kukaa. Nimehudumia duka zima nikiwa wima, na mauzo yamepanda, maana mteja anayehudumiwa na mtu aliyesimama muda wote huona haya kuondoka mikono mitupu.

Dada hakunisemesha asubuhi. Mchana kaja akasema ananitengenezea fremu nyingine, ndogo, na hii ya kwanza atamtafutia mtu mrefu. Hakuuliza chochote. Hiyo ndiyo heshima. Mke wangu alipitia dukani, wakanong'ona na Dada karakanani, wakacheka. Wanawake wa familia yetu wanapatana sana.

Jumatano, tarehe 20 Agosti

Nimepimwa tena. Na safari hii nimekwenda kwa akili.

Kosa la kwanza lilikuwa kuzidisha, na dawa ya kuzidisha ni kupunguza. Nataka tarehe thelathini na moja nisimame miguu yote miwili chini, nyayo zimelala, magoti yamelegea, wakati Daktari amejishikiza kwa kidole kimoja kama korongo. Basi nikavaa suruali yangu pana kuliko zote, nikaegemea ukuta, nikakunja magoti ndani yake. Vidole vitatu. Mapaja yalitetemeka lakini uso ulikuwa shwari.

Soksi zilikuwa tupu. Sitaki tena ujanja.

Dada alichora alama, akaitazama, akanitazama mimi, akaandika kipimo, akakikata, akaandika kingine. Alikuwa anatabasamu. Nadhani ameguswa.

Alama mpya ilikuwa chini mno, karibu na ya mtoto wa jirani, kwa hiyo nimeitundikia kalenda. Ile ya kwanza, iliyompita Mama, nimeiacha wazi. Watu wasome historia.

Jumamosi, tarehe 23 Agosti

Baiskeli ya pili imekwisha. Rangi ni ile ile, mstari ni ule ule, maungio yanang'aa. Ni nzuri sana, na ni fupi sana. Nilidhani ni ya mteja wa shule ya msingi.

Dada akaanza kucheka hata kabla sijauliza. Mke wangu alivikuta vipande vinne vya tairi kwenye soksi za kufua, akampelekea. Dada akajisemea, huyu namjua tangu anatambaa, hawezi kusimama mbele ya ukuta bila kujiongeza. Kwa hiyo Jumatano, aliponipima, akapunguza vidole vitatu kimyakimya bila kuniaibisha. Akaniuliza kama sasa nimekaa sawasawa.

Nilikuwa nimekaa. Magoti yalikuwa yananigusa kifuani.

Vitatu vyake na vitatu vyangu. Neno moja tu lingetosha, na mdomo nilishaufungua, nakiri. Dada alikuwa amesimama pale na miwani ya kuchomelea kichwani, ana furaha kwamba amenistahi na kwamba mkono wake haukuteleza. Mama naye alikuwa mlangoni, filimbi shingoni, akinitazama kama anayengoja kitu.

Ndipo akaingia Daktari wa Meno.

Akatoa salamu zake. Akaitazama baiskeli. Akauliza, kwa unyenyekevu mkubwa, mbona iko chini hivi. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikimweleza kwamba wanaoongoza misafara siku hizi wanapita chini ya upepo. Upepo unapiga huku juu, nikamwonyesha kwa mkono, kwenye usawa wa kidevu chake. Wenye kujua wanashuka.

Daktari akainama akaikagua gurudumu hadi gurudumu. Halafu akavua viatu, akaenda ukutani, akamwomba Dada ampime upya. Nilimwona kwa macho yangu anakunja magoti.

Mama akaondoka, mabega yakimtikisika. Machozi ya fahari, bila shaka. Jamani, filimbi ile sasa ni yangu, imebaki kuvaliwa tu.

Kilichobaki ni hivyo vidole sita, na navyo nimeshavipatia dawa. Nimepitia karakana wakati wa kufunga nikachukua tairi kuukuu lenye mpira mzito. Vipande vinne chini ya kiti, nivifunge kwa kitambaa cha rangi ya machungwa, na hakuna atakayejua.