Namba Nane Inayoruka Kama Sita

Jumatatu, 6 Oktoba

Neema iliyoje! Mzee Asakawa ameumia goti!

Pole yake, bila shaka. Nimemtumia boksi la zabibu. Lakini goti lake ndilo lililoacha wazi nafasi moja katika timu ya klabu, na timu inacheza na wale wa ng'ambo ya mto mwezi ujao. Nafasi moja! Nina miaka kumi na tisa katika klabu hii ya gofu, nimewaandikia katiba mpya ambayo hawakuiomba, na sijawahi kuvaa lile koti la buluu lenye nembo kifuani. Hata siku moja.

Kapteni Ibuki ametangaza kwamba wagombea ni watatu. Tutacheza raundi moja Jumapili ya tarehe 19, na mwenye mipigo michache ndiye anaingia. Kwanza, mimi. Pili, Daktari Kurimoto, mng'oa meno, mtu anayecheka kabla hajasema hilo la kuchekesha. Tatu, Bi Otowa, aliyekuwa akifundisha piano hadi alipostaafu. Ana miaka sitini na minane. Simhesabu.

Kurimoto alinikuta mlangoni akachungulia mfuko wangu wa fimbo za chuma. Akauliza, "Mwalimu, hivi vyuma bado unachezea, au unavipeleka makumbusho?" Watu wakacheka! Ibuki naye akacheka!

Nimeamua. Vyuma vipya. Vya kufuliwa kwa nyundo! Sumie, mke wangu, amesema shida si vyuma, shida ni kiuno changu. Hajui kitu kuhusu madini.

Jumanne, 7 Oktoba

Makala yangu ya gazeti la kesho imeandikika yenyewe. Nilikuwa na hasira tamu. Nimewachana wanaocheza na vyuma vya kumiminwa kwenye kalibu, kama uji kwenye bakuli. Taifa lililofua panga za samurai leo linapigia mpira uji mkavu!

Kisha nikawageukia wenye viwanda wanaogonga namba saba kwenye chuma ambacho baba zetu wangekiita namba tano. Namba ikiwa ndogo, uso wa chuma umesimama zaidi na mpira huenda mbali zaidi. Uso wa chuma wameusimamisha kisirisiri, mpira unakwenda mbali, na karani wa ofisi anajiona simba. Nimeandika: "Namba ni ahadi." Sentensi ya kuchongwa kwenye jiwe!

Mhariri amepiga simu kuuliza kama wasomaji wanajali gofu. Nimemwambia hii si gofu, hii ni maadili ya taifa. Amekata aya iliyohusu wizara.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimetoka Ichikawa!

Nilipanda bonde asubuhi hadi karakana ya Mzee Hamaji, mfua vyuma. Alinitandikia kitambaa, akapanga seti tatu. Ya kwanza ina mgongo bapa, mwembamba kama upanga. Ya pili imechimbwa mgongoni, uzito umesukumwa pembeni, ukikosea kidogo inakusamehe. Ya tatu iko katikati, kama mbunge asiye na msimamo.

Nikazijaribu kwenye wavu. Ya pili ilikuwa nzuri, mpira ulinyooka kila mara. Mzee akasema hiyo inanifaa. Ndipo nikashika ile bapa. Mpigo wa kwanza ulinipiga shoti hadi kwenye kiwiko. Wa pili hadi kwenye jino. Lakini wa tatu! Sikusikia kitu! Kama mpira haukuwepo. Kama kisu ndani ya tofu, ile jibini laini ya soya. Nilibaki nimesimama, mdomo wazi, machozi yakinilengalenga.

Nikachukua bapa. Mzee akaniuliza kwa upole kama nimeelewa kwamba huo ulikuwa mmoja kati ya mitatu. Nikamwambia samahani zisizo na kikomo ndizo zilizoiharibu nchi hii. Akaniinamia, akaanza kufunga mzigo.

Halafu alinionyesha jambo. Chuma cha kufuliwa ni laini. Alikibana kichwa cha fimbo kwenye jiliwa, akapachika mtaimbo shingoni, akasukuma taratibu. Kikapinda! Ndivyo anavyowarudishia wateja vyuma vilivyokwenda upande. Cha kumiminwa kingepasuka.

Kinapinda! Nimeendesha gari hadi nyumbani nikiimba.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mpango umekamilika kichwani. Niuandike haraka.

Kwenye mashimo mafupi, kila mchezaji humchungulia aliyemtangulia ametoa namba ngapi. Kila mtu hufanya hivyo, na Kurimoto amezidi. Ana shingo ya korongo. Sasa: nikitoa namba nane pale ambapo yeye anahitaji namba sita, ataona aibu. Ataficha sita yake. Atatoa nane. Mpira wake utaanguka bwawani!

Basi Mzee Hamaji asimamishe nyuso za vyuma vyangu kwa nyuzi nne za pembe. Namba zibaki zilizopo. Nane itaruka kama sita!

Je, si ndicho nilichokilaani juzi gazetini? Hapana! Viwanda vinamdanganya mnunuzi. Mimi namdanganya Kurimoto tu. Kuna tofauti ya kifalsafa.

Sumie amenisomea makala kwa sauti wakati wa kifungua kinywa, polepole, mpaka pale penye "Namba ni ahadi." Akanitazama. Nikamwambia supu ya miso imezidi chumvi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Imefanyika! Nyuzi nne, vyuma vyote, kuanzia namba tano hadi namba kumi.

Mzee alinionya. Ukiusimamisha uso, ukingo wa chini nao unainama. Kwenye nyasi utachimba kama jembe. Alishauri nyuzi mbili. Nikasema nne. Akauliza ni za kazi gani. Nikamjibu utafiti. Akatikisa kichwa, akasema mwezi huu watu wengi wanafanya utafiti.

Sikuuliza. Wazee hupenda kuzungumza.

Jumanne, 14 Oktoba

Uwanja wa mazoezi, ule wa kupiga mipira kutoka ghorofani, ghorofa ya tatu. Nimepiga namba nane kutoka kwenye zulia la plastiki, ikagonga ubao wa mita mia na hamsini. Nane! Jirani yangu alivua kofia. Nikapiga tena. Ubao! Akaniuliza hiyo ni namba ngapi kweli. Nikaigeuza aione, taratibu, kama mtu anayeonyesha picha ya mjukuu. Nikamnunulia kahawa ya kopo kwa furaha.

Jembe? Jembe gani? Chuma kinateleza juu ya zulia kama samaki. Mzee Hamaji amezeeka.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimepita kwa fundi cherehani kupimwa koti la buluu. Kuokoa muda tu. Sumie ameuliza kama kuna harusi.

Jioni nilijaribu vyuma kwenye udongo halisi, nyuma ya nyumba, kando ya bustani yake. Mpigo wa kwanza uling'oa figili. Wa pili uling'oa figili na mpira ukabaki palepale. Sumie akafungua dirisha: "Baba Chinatsu! Kama unataka kulima, jembe lipo stoo!"

Udongo wa nyumbani ni laini mno. Wa klabu umeshindiliwa.

Jumapili, 19 Oktoba

Niandike yote kabla sijatulia. Siwezi kutulia.

Asubuhi mbingu safi, milima myekundu, vyuma vinang'aa. Kurimoto naye alikuja na vyuma vipya! Vya kufuliwa! Bapa! Akavitoa kimoja kimoja kwenye vifuniko vya ngozi huku akicheka. Bi Otowa alikuwa na fimbo za marehemu mumewe, namba zimefutika kwa kutumika.

Udongo wa klabu haukushindiliwa. Shimo la kwanza nililima. La pili nililima. Mama msukuma mkokoteni, ambaye kazi yake ni kufukia kwa mchanga tunapochimbua, aliishiwa mchanga kabla ya shimo la tano. Lakini jambo la ajabu: Kurimoto naye alilima! Kipande cha nyasi zake kiliruka mbali kuliko mpira. Bi Otowa alituuliza kama tunapanda mpunga.

Ila mashimo mafupi! Hapo mpira unakaa juu ya kijiti, hakuna cha kuchimba. Shimo la nne, mita mia na arobaini na tano, bwawa mbele. Nilianza mimi. Nilishika namba nane kwa vidole viwili, namba ikimtazama Kurimoto. Shingo ya korongo ikanyooka! Nikapiga. Tofu! Mpira ulitua karibu na bendera. Kurimoto alikuwa ameshagusa fimbo moja, akairudisha. Akatoa nane. Nikang'ata ulimi nisicheke.

Akapiga. Mpira ukaupita wangu. Karibu zaidi na bendera!

Nane? Yule? Mwenye mikono ya kung'olea meno?

Shimo la nane alianza yeye. Akatoa tisa, akaigeuza niione. Ukafika! Mimi nilihitaji nane. Lakini je, ningetoa nane baada ya tisa yake, mbele ya Mama msukuma mkokoteni? Nikatoa tisa. Ukavuka bwawa kwa unene wa unywele. Bi Otowa alichukua fimbo yake nene ya mbao, akabingirisha mpira wake kando ya bwawa hadi ukingo wa ng'ambo bila kumtazama mtu.

Chakula cha mchana, wali wa mchuzi wa kari na nyama ya kukaanga. Mimi na Kurimoto hatukugusa. Tulikuwa sawasawa, na Bi Otowa nyuma yetu kwa mipigo minne. Alikula sahani yake, kisha akauliza kama tunaziacha zetu.

Shimo la kumi na tatu. Bwawa kubwa, upepo wa usoni. Zamu yangu kuanza. Kichwa kilisema saba. Hata nyuzi nne zikiwemo, saba! Kisha nikaiona ile shingo inanyooka.

Nikatoa kumi.

Uzuri ulioje wa mpira ule! Juu, mwembamba, peke yake mbinguni. Chubwi!

Sasa Kurimoto alikuwa huru. Angeweza kutoa chochote, akavuka, akanimaliza. Alitazama maji, akatazama kumi yangu. Jasho lilimtoka. Akatoa kumi.

Chubwi!

Nikachukua mpira mwingine. Kubadilisha fimbo sasa kungekuwa kukiri. Kumi. Chubwi! Naye kumi. Chubwi! Bi Otowa akasema, "Jamani wanangu, hao samaki mnawalisha nini?" Nikamjibu upepo umebadilika. Kumi. Chubwi! Kurimoto akasema ni kweli, upepo umebadilika. Kumi. Chubwi!

Mpira wangu wa nne ulivuka, nao ni kwa sababu upepo ulikata ghafla. Wake pia. Bi Otowa alichomoa tena lile gogo lake, akapiga chini chini kando ya maji, mpira ukapanda ukingo, ukakaa karibu na bendera kama paka sebuleni.

Kila mpira uliozama ulitugharimu mipigo miwili, na mwisho wa raundi Bi Otowa ametushinda kwa mipigo mitatu. Kapteni Ibuki alimwinamia mpaka kofia ikaanguka.

Baadaye, katika bafu la pamoja la klabu, mimi na Kurimoto tulikaa ndani ya maji ya moto hadi shingoni, taulo kichwani. Mwisho akauliza, akiutazama ukuta, vyuma vyangu vilipindiwa wapi. Nikasema Ichikawa. Akasema na vyake Ichikawa. Nikauliza kama Mzee alimwambia vitachimba. Akasema alimwambia. Nikasema hata mimi aliniambia.

Mvuke ukapanda. Nusura nimhurumie.

Halafu nikamuuliza nyuzi ngapi.

"Tano," akasema.

Tano! Na mimi nne! Nilizama hadi puani. Hapo ndipo nilipolielewa kosa langu.

Jumanne, 21 Oktoba

Fundi cherehani amesema koti halirudishwi. Sumie ameshalipeleka kwa Bi Otowa likapunguzwe mikono. Sina kinyongo. Lilikuwa linabana.

Na habari iliyonifanya nirukie gari bila soksi! Ibuki amepiga simu: Bi Otowa anahitaji mchezaji wa akiba, endapo kiuno chake kitamletea shida. Mimi na Kurimoto tucheze Jumapili. Mtu wa akiba naye anavaa koti! Nimeuliza mara mbili!

Sumie alinisindikiza hadi mlangoni. Akanisihi nichukue ile seti ya pili, yenye mgongo wa kuchimbwa, ile inayosamehe. Nimemwambia nitalifikiria. Nimelifikiria hadi kwenye taa za barabara kuu.

Nyuzi sita!

Naandika haya Ichikawa, karatasi juu ya goti, nikiwa nimechuchumaa nyuma ya mashine ya kuuzia soda mkabala na karakana. Gari jeupe la Kurimoto limeegeshwa mlangoni. Ndani nasikia mtaimbo unalia. Unalia, unatulia, unalia tena. Nahesabu: tano, sita...

Anatoka! Anacheka peke yake! Mfuko umemlemea bega!

Saba basi. Mzee Hamaji, washa taa, nakuja!