Kaimu Halipi

Umma unatangaziwa kwamba kuanzia Ijumaa, saa sita adhuhuri, hakuna mwananchi wa Bonde la Ufa la Kati atakayeumiza kichwa tena mbele ya bili. Serikali imekwisha kuumiza cha kwake kwa niaba ya wote.

Tangazo hilo liliandikwa na Bwana Bethwel Kimaiyo, Kaimu Mkurugenzi wa Idara ya Vibali, Bahashishi na Ugawaji wa Bili, Nakuru. Alilikariri mbele ya kioo mpaka mkewe akamwomba apunguze sauti, kwani majirani walidhani kuna mnada. Bahashishi ndiyo ile ambayo watu wa kawaida huiita tip. Kimaiyo hakuwa mtu wa kawaida, ila neno moja lilimkosesha raha: Kaimu. Lilikaa mlangoni pa ofisi yake tangu mlango upakwe rangi, na rangi yenyewe ilikwisha kubambuka. Alilichukia kama kokoto kiatuni. Sasa Madam Nasimiyu, mkubwa wake kutoka Nairobi, angekuja na barua ya kuliondoa, mradi uzinduzi wa sheria uende sawa.

Uzinduzi ulipangwa Kikopey, kwenye bucha la nyama choma. Kamati yake ya kuandaa sheria ilikuwa imetafuta kwa bidii mahali pa kufanyia utafiti, ikagundua kwamba sukuma wiki haitoi bili ya kutafitika.

Sheria yenyewe ilikuwa tamu. Mteja akihudumiwa upesi, anatoa bahashishi. Akicheleweshwa, mtoa huduma ndiye anayemlipa mteja, shilingi kumi kwa kila dakika. Ni marufuku kwenda chooni, kupokea simu au kukumbuka mazishi bili ikiwa njiani. Na bili ya meza ya serikali, pamoja na deni lolote la ofisi, italipwa na mkurugenzi kutoka mfukoni mwake. Hapo Kimaiyo aliongeza kwa mkono wake: "Kaimu halipi. Aulizwe mkubwa wake." Kamati nzima ilipiga makofi, kwa sababu kamati nzima ilikuwa makaimu. Kifungu hicho alipanga kukifuta Jumatatu, akishakuwa mkurugenzi.

Basi Ijumaa ikafika, Kimaiyo na kamati yake wakaketi, Madam Nasimiyu katikati. Mhudumu akaja, msichana mchangamfu aitwaye Winrose.

"Sasa, mabosi. Niwaletee?"

"Kilo nne za mbuzi," akasema Kimaiyo, akabonyeza saa ya simu yake. "Muda wako umeanza."

"Muda wa nini? Mbuzi ni lisaa limoja, boss. Ama mnataka mbichi?"

"Mbuzi atajieleza kwenye rufaa."

Nyama ilifika imeiva vizuri, ikakatwa, ikaliwa. Kisha Kimaiyo akasoma simu kwa sauti ya kusikitika kiserikali: dakika sitini na nne, shilingi mia sita na arobaini.

"Hiyo si ndiyo mshahara yangu ya leo yote?" Winrose akauliza. "Na sijawakosea kitu."

Kimaiyo alimhurumia kwelikweli. Akamruhusu alipe kwa simu, asihangaike kutafuta noti.

Meza za jirani ziligeuka kumtazama. Kimaiyo, ambaye hakuwahi kuona watu wengi hivyo wakimsikiliza, alishikwa na uchu. Akapanda juu ya kiti, mkononi ana bakuli tupu la kachumbari.

"Ndugu wananchi! Sheria hii si ya hoteli tu. Ni ya kila anayehudumia watu. Sisi pia ni watumishi! Tunawahudumia mwaka nenda mwaka rudi, na hakuna hata mmoja wenu amewahi kutuambia tubaki na change!"

Mwenye duka la spea mjini, Nasir, akaweka chini kikombe cha supu.

"Kwa hivyo hata ofisi yenu iko ndani, boss?"

"Iko ndani kabisa! Ndiyo ya kwanza!"

"Shilingi kumi kila dakika?"

"Hata ukingoja umesimama."

"Sawa. Mimi nangoja kibali ya duka tangu huyu azaliwe." Akamwinua bintiye, Rumaisa. Rumaisa alikuwa akiguguna mfupa, na meno ya utotoni yalikwisha kung'oka.

"Na mimi?" akauliza mama mmoja wa Rongai aliyeitwa Wangare. "Kibali ya kuuza mahindi. Mliniambia nirudi kesho. Ni kesho gani hiyo, mzee? Mahindi ilivunwa, ikaliwa, ikapandwa tena!"

Watu wakainuka kila upande. Nasir alipiga hesabu ya wote kwenye simu, hesabu ikaizidi simu, ikatoa herufi badala ya tarakimu.

Kimaiyo aliwatazama kwa utulivu mkubwa.

"Madai yenu ni ya haki," akasema. "Bahati mbaya, mimi ni kaimu." Alilitamka neno lile polepole, kwa mapenzi, kwa mara ya kwanza maishani. Kisha akaketi, akachukua ubavu uliobaki.

Macho yote yakahamia kwa Madam Nasimiyu. Yeye alikuwa ameisoma sheria mpaka mwisho, hadi pale pa kuulizwa mkubwa. Akafungua mkoba upesi, akatoa barua, akaitia sahihi juu ya ubao wa nyama, kati ya chumvi na ugali.

"Hongera, Mkurugenzi Kimaiyo. Kuanzia sasa hivi."

"Madam, si ingengoja tu Jumatatu?"

"Acha unyenyekevu. Umeitolea jasho."

Kimaiyo aligeuka kutafuta kamati yake. Mmoja alikuwa chooni, mwingine alipokea simu isiyolia, wa tatu alikumbuka mazishi. Alitaka kulia, na hakuona aibu.

Winrose akarudi na bili. "Mkurugenzi ni nani hapa?"

Madam Nasimiyu akaelekeza kidole, akielekea kwenye gari lake.

"Ile mia sita na arobaini yangu nimeiongeza hapo chini ya bili," Winrose akamwambia, akaiweka bili mbele yake. Kisha akawapangia Nasir, Wangare na wenzao viti vya foleni, akachomoa simu kwenye aproni na kuiegemeza kwenye sahani ya mifupa.

"Muda wako umeanza, Mkurugenzi."