Kiti cha Kabange

Dilala, siku ya kazi ya kwanza, 5 Agosti 1957

Konje, likizo yangu, imetoka! Mkubwa wa bohari ametia sahihi bila hata kuinua macho. Tunaenda kwa mama yangu, kule mbele ya Bukama. Macho yake yanazimika kidogo kidogo. Ameagiza kwa watu wa reli kwamba anataka kumwona Mbuyu kabla giza halijafunga kabisa. Mbuyu ni binti yangu, ana miaka miwili, na bibi yake hajamwona hata mara moja. Nimeapa atamwona.

Treni hapana. Kwa treni mtu anafika kama mzigo. Mi nitafika na gari! Tata Mukalay, seremala wa hapa mtaani, ana kamyoneti na anakwenda Bukama kuchukua samaki wakavu. Amekubali kutubeba. Mke wangu Bilonda atakaa mbele karibu naye. Mimi na Mbuyu nyuma, chini ya turubai. Pamoja na gramofoni yangu, bila shaka. Binamu yangu Mulumba ana cherehani kule kijijini, na watu wanaisifu kama vile aliizaa yeye. Tutaona watasema nini nikishuka na muziki.

Shida ni mtoto. Mtoto wa miaka miwili hakai. Anapanda, anashuka, anatafuta pa kuangukia. Nimewaza sana, nimepata: kiti kidogo, kipigiliwe misumari kwenye sakafu ya gari, na mkanda wa kumfunga kiunoni. Akili hiyo, nani mwingine angeipata Dilala nzima? Nimemwagiza Mukalay kiti kimoja. Neno kimoja nimelikazia sauti.

Bilonda alikuwa anapepeta unga, akasikia. Ameuweka ungo chini. Sipendi akiuweka ungo chini.

Siku ya kazi ya tatu, 7 Agosti

Viti viwili!

Vimekaa juu ya meza ya Mukalay, bega kwa bega. Nimejua mara moja ni vya nani. Mbuyu alizaliwa na mwenzake, Kabange. Kabange alituacha mwaka jana, wakati wa mvua. Kwetu hatusemi pacha amekufa. Tunasema ameenda kuteka maji. Na cha mmoja ni cha wawili: nguo mbili, sahani mbili, ndizi mbili. Bilonda anafuata yote hayo. Mi ni karani, nimesoma kwa mapadri, suruali yangu inapigwa pasi kila siku. Nina la kusema juu ya ndizi mbili, lakini silisemi nyumbani.

Nimemwambia Mukalay niliagiza kimoja. Amejibu kwamba hata yeye alikusudia kimoja. Alikata mbao za kimoja, zile mbao alizozileta kutoka Nzilo walipomaliza kujenga bwawa, akaenda kula bukari. Aliporudi, zilizokatwa zilikuwa za viwili. Akadhani ni yeye mwenyewe amesahau. Kwanza, amesema, binti yako alikuwa hapa asubuhi yote, anacheza na maranda.

Nimemwambia Mbuyu ameshinda nyumbani na homa ya meno.

Mukalay ameangalia mlango. Kisha ameendelea kupiga randa. Yeye ni Mprotestanti, hanywi pombe. Ningefurahi sana kama angekunywa, maana ningejua la kufikiri.

Nimepima nafasi nyuma ya gari. Pale pa kiti cha pili ndipo hasa pa gramofoni. Kimoja kiondoke.

Siku ya posho, 10 Agosti

Ushindi! Bilonda alipokwenda kupanga mstari wa posho, nimekibeba kiti cha pili mpaka kwa jirani yetu Simone, mke wa katekista. Zawadi kwa mtoto wako, nimemwambia. Amenisifu mpaka nikaona haya. Amesema wanaume wenye moyo wamebaki wachache. Nimekubaliana naye.

Bilonda amerudi na unga kichwani, akauliza kiti kingine kiko wapi. Nimesema Mukalay anakilainisha. Uongo mfupi ndio mzuri.

Mbuyu amejaribu kiti chake. Alilia, akaacha ghafla, akageuka kushoto na kucheka. Alikuwa anakula mkate. Ameukata katikati, akaunyoosha upande ule wa kushoto, akafungua vidole. Kushoto hakuna mtu, ni ukuta tu. Mkate sikuuona chini. Lazima ni kuku wa Simone, wanaingia kila mahali.

Siku ya Mungu, 11 Agosti

Kabla ya misa nimefungua mlango: kiti! Kimesimama kizingitini, kinatazama ndani. Simone naye amesimama kule kwenye bomba la maji, hataki kusogea. Amesema mtoto wake hakukaa hata kidogo. Kila akimwekea, mtoto anakataa, anasema kuna mwenzake amekaa. Simone akakigusa kwa mkono. Kilikuwa na joto, amesema, joto la mtu aliyeondoka sasa hivi.

Nimemwambia ni jua.

Amesema: kilikuwa ndani ya nyumba, Tata Tharcisse.

Bilonda amesikia yote. Hakupiga kelele. Ameniuliza tu kama naukumbuka uso wa Kabange. Swali gani hilo mtu akienda misa! Nimejifanya natafuta kofia. Kofia ilikuwa kichwani.

Naukumbuka. Hata kile kikovu cha kidevuni nakikumbuka, cha siku alipoanguka kwenye jiwe la kufulia na mimi nikambeba. Ndiyo sababu sitaki kile kiti kikae mbele ya macho yangu kitupu, njia nzima mpaka Bukama. Siwezi. Kiti chenye gramofoni si kitupu.

Mchana Bilonda ameniapisha: viti viwili, au yeye hasafiri na Mbuyu hasafiri, na mama yangu atangoja giza peke yake. Nimeapa. Nimevipigilia mimi mwenyewe mbele yake. Kwa kile cha pili nimechagua misumari mifupi.

Tenke, siku ya kazi ya kwanza, 12 Agosti

Tumeondoka! Bilonda amemvalisha Mbuyu nguo mpya ya njano. Nyingine ya namna ile ile ameikunja, akaiweka ndani ya valizi. Sijasema neno.

Moshi kila upande, watu wanachoma majani. Jua limekuwa jekundu tangu asubuhi. Kabla ya Tenke tulisimama, Bilonda na Mukalay wakashuka kijito kutafuta maji ya injini. Ndipo nilipofanya kazi. Kiti kimetoka kama jino la mtoto. Nimekiweka vizuri kabisa chini ya kichuguu kikubwa, kikitazama barabara, ili asiseme mtu nimekitupa. Gramofoni, niliyoipakata tangu Dilala, imeingia pale sawasawa! Nimeifunika blanketi. Bilonda akichungulia kwenye kioo cha nyuma, ataona vitu viwili vidogo vimekaa. Nani kama mimi?

Mbuyu hakulia. Gari lilipoanza kwenda, ameinua mkono kuelekea nyuma, akawa anaita kwa vidole: njoo, njoo. Namna batoto wanavyoitana. Nimegeuka. Barabara ilikuwa tupu, na vumbi letu halikutaka kutua.

Muda si mrefu Mukalay ameanza kulalamika. Amesema gari linavuta vibaya, kama lina mtu anayening'inia nyuma. Nimechungulia nyuma. Sijui kwa nini nimechungulia. Tulipoipita stesheni ya Tenke, injini imekufa. Petroli ipo, moto upo, lakini haiwaki. Tumepewa pa kulala kwa watu wa reli.

Njiani, siku ya kazi ya pili, 13 Agosti

Yo, mama yangu! Lazima niandike.

Asubuhi tumelisukuma gari, likawaka, likaenda kidogo porini, likafa tena. Upepo ulikuwa wa baridi. Bilonda akapanda nyuma kuchukua blanketi amfunike Mbuyu, akalivuta. Gramofoni ikabaki wazi mbele ya watu.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Ameshuka, amekaa chini katikati ya barabara, akalia kwa sauti kubwa, kama siku ile ya mvua. Amesema: we baba, umeacha mutoto mu njia. Umemuacha peke yake mu pori. Nilitaka kumwambia ni mbao tu. Mukalay amevua kofia na kuangalia miti.

Kisha Bilonda amemfunga Mbuyu mgongoni. Amesema anarudi kwa miguu kumchukua mwingine, na kwa mama yangu niende na muziki wangu. Alikuwa ameshaanza kutembea.

Hapo ikaja kamio kubwa kutoka upande wa Tenke, ikasimama. Dereva wake, mtu wa Kasai aitwaye Badibanga, ameshuka na kiti mkononi. Kile kile!

Ameuliza kwa ukali wazazi ni nani. Amesema amemkuta mtoto mdogo amesimama karibu na kichuguu, na nguo ya njano, ameshika kiti. Mtoto wa namna hii, porini, peke yake! Amempakia mbele. Njia nzima macho mbele tu. Alipoona kamyoneti yetu amenyoosha kidole. Basi mshusheni, amesema, na muone haya. Akafungua mlango.

Ndani hapakuwa na mtu.

Badibanga amepanda, ameangalia chini ya kiti cha gari, ameangalia chini ya magurudumu, ameita. Pale alipokaa abiria wake, kiti cha gari kimelowa, na maji yalikuwa yanatona kwenye ngazi. Maji safi. Kisha Badibanga akamwona Mbuyu mgongoni kwa mama yake, na nguo yake ya njano. Mbuyu alikuwa mkavu, alikuwa anapunga mkono.

Bilonda amefungua valizi. Nguo ya pili imekunjwa kama alivyoikunja. Pindo lake limelowa, na lina vumbi jekundu la barabara.

Nimesema labda chupa imevuja.

Mukalay amekipigilia kiti, misumari mirefu, ameipinda kwa chini. Gramofoni ikakosa nafasi, na kuipakata tena siwezi. Nimemwomba Badibanga aibebe mpaka Bukama, tukaipandisha juu ya kamio yake. Alikuwa hanisikilizi. Ametia moto, amegeuza kamio pale pale, amerudi alikotoka mbio, hata mlango hakuufunga. Gramofoni yangu! Nimekimbia nyuma yake mpaka kiatu kimenitoka.

Niliporudi, Bilonda na Mbuyu walikuwa wamepanda, na injini ilikuwa inanguruma vizuri. Imewaka mara moja, Mukalay amesema. Sikuulizwa chochote. Nimekaa nyuma, mbele ya viti viwili. Njia nzima nimeangalia miguu yangu.

Kwa mama, siku ya kazi ya ine, 15 Agosti

Tumefika. Kijiji kizima kimetoka. Hakuna aliyeuliza muziki, kwa kuwa hakuna aliyejua. Mulumba amenikumbatia. Amevaa shati alilolishona mwenyewe.

Mama amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba. Macho yake yamekuwa meupe kuliko nilivyofikiri. Nimesema moyoni tumechelewa, na ni mimi nimetuchelewesha. Bilonda amemweka Mbuyu kwenye goti lake la kuume. Mama amengoja. Halafu amesogeza nguo na kufungua goti la kushoto.

Amempapasa Mbuyu: paji, pua, kidevu. Kisha mkono wake umehamia upande wa pili, polepole, ukapapasa hewa kwa namna ile ile. Paji. Pua. Kwenye kidevu umesimama. Ameuliza huyu mdogo alianguka wapi, mbona ana kovu hapa.

Habari ya kovu hakuna aliyempa. Mimi sikumwagizia, Bilonda hakumwagizia.

Nimelia. Mi, Tharcisse, karani, nimelia mbele ya watu wote, nimepiga magoti kwenye vumbi na suruali yangu ya pasi. Mama amesema ninyamaze, nitawaamsha, wamechoka na safari. Amesema amewaona wote wawili vizuri. Amesema sasa macho yakitaka kwenda, yaende.

Siku ya posho, 17 Agosti

Nimelala vizuri, nimekula samaki, akili zimerudi.

Mulumba, na ni vizuri kukubali mtu akifanya jema, amenipa tenga la kuku. Kuku wakubwa, wenye shingo nyekundu! Dilala hawajaona kuku wa namna hii. Simone atakufa kwa wivu. Lakini Mukalay amejaza samaki gari zima, na amesema nafasi hakuna, hata ya kuku mmoja.

Nafasi ipo. Kuna kiti ambacho, kwa anayeangalia kwa macho tu, hakina mtu. Kukitoa, hapana! Sikitoi tena, mi si mjinga. Nitaweka tenga juu yake, polepole, kwa heshima, na blanketi juu. Watoto wanapenda kuku. Huenda hata atafurahi.

Naandika haya barazani, jua likiwa juu. Mbuyu amekuja nyuma yangu, ananivuta shati. Nimemwambia angoje kidogo, baba ana kazi. Amenivuta tena. Mkono wake una maji, umenilowesha mgongo. Nimemwambia kwa ukali kidogo akacheze na bibi.

Kule uani Bilonda anamlisha Mbuyu uji. Bibi yuko karibu nao. Wote nawaona kutoka hapa.

Nimesogea kwenye benchi, apate pa kukaa.

Kisha nimechukua kamba, nimepima tenga, nimekwenda kupima kiti. Linaingia.