Kurasa za Kushoto

Jumatatu, 3 Juni
Mtihani wa uzee wa kanisa ni Jumamosi. Nimeshaanguka mara mbili. Nikianguka ya tatu, kanuni inasema sigombei tena maishani. Nafasi ni moja, na mpinzani ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi bomba anayekariri katekisimu akiwa chini ya sinki za watu. Mke wangu anasema nisome. Kusoma! Mjanja hasomi, mjanja anatafuta njia.

Jumanne, 4 Juni
Nimeitwa kumnyoa mchungaji nyumbani kwake. Juu ya meza, daftari la mtihani! Alipokwenda kuosha kichwa nikatoa simu. Kila ukurasa wa kushoto una fundisho moja fupi, tamu. Wa kulia umejaa mistari ya Biblia kama siafu. Nani ana muda? Nikapiga picha za kushoto tu, zote kumi na mbili. Mara mlango! Simu mfukoni, jasho mgongoni. Akanishukuru kwa kazi nzuri.

Alhamisi, 6 Juni
Nimekariri nane. Mtu humchagua Mungu kwanza, ndipo Mungu naye humchagua. Inaingia akilini! Nimemfundisha mwalimu mstaafu nikimnyoa ndevu. Alitaka kubisha, nikamwambia atulie, wembe uko kooni. Mke wangu naye ananikumbusha eti wokovu ni neema tupu. Nikamwambia hayo ni ya watoto. Ananitazama vibaya. Sina amani. Labda anampelekea kaka yake habari. Nimebadilisha nywila ya simu.

Jumamosi, 8 Juni
Shemeji alitangulia. Wazee wa baraza wakamuuliza kwa nini Mungu alimchagua yeye. Akakwama. Machozi yakamtoka, akasema hajui, ndani yake haoni sababu. Hajui! Nikaona kiti ni changu.
Zamu yangu nikamwaga yote bila kupumua: matendo mema hununua kibali, mteule anaweza kupotea, yote kumi na mawili. Wazee wakaacha kuandika. Mmoja akavua miwani. Mchungaji akasema polepole kwamba nimetaja mafundisho potofu yote, kwa mpangilio, neno kwa neno, kama alivyoyaandika kushoto ili ayajibu kulia. Akauliza nimeyaona wapi.
Nikakiri. Niliona aibu, kweli niliona aibu. Dirisha lilikuwa wazi, na mke wangu alikuwa amekaa nje, anasikia kila kitu.

Jumapili, 9 Juni
Shemeji kapita; kumbe ile “sijui” yake ndiyo jibu walilotaka! Jioni amekuja na mchungaji. Baraza limenisamehe, na mwakani naruhusiwa kugombea tena, kanuni iwekwe kando. Aliyeniombea ni shemeji! Nikauliza natakiwa nifanye nini. Mchungaji akasema hakuna. Nikauliza tena. Akasema hakuna, ndiyo maana inaitwa neema. Mke wangu akalia. Mimi pia, kidogo.

Jumatatu, 10 Juni
Nimeamka na mpango. Nitawanyoa wazee wote bure mwaka mzima. Nitafagia kanisa kabla mfagiaji hajafika. Nitamzidi shemeji kwa unyenyekevu mpaka aone haya mbele za watu. Neema kubwa hivi haipokelewi mikono mitupu. Ikifika mwakani, hakuna atakayethubutu kusema sikuistahili!