Gari Inamisi

Jumatatu, 4 Agosti

Habari kubwa! Mke wangu anarudi Jumamosi. Yuko kwao tangu mama yake alipovunjika mguu, na nyumba hii imegeuka gereji. Nakula kwa sahani moja, naosha hiyohiyo. Juzi nimejikuta namsimulia birika habari za mchana.

Ila kuna sharti. Lazima nikamchukue mwenyewe kwa pikapu, maana ana cherehani lake, na Jumamosi nimeitaja kwa kinywa changu. Mama mkwe kasema mume asiyefika siku aliyoitaja mwenyewe hana haja na mke, na nisipofika bintiye atabaki huko mpaka mvua. Mpaka mvua! Nimetoka nje kutazama mbingu. Hata wingu la kusingizia hakuna.

Halafu kuna mwanyumba wangu, aliyeoa dada ya mke wangu. Anakaa jirani na ukweni. Ana gari dogo linalopita kimya kama paka mwizi. Pikapu yangu husikika kabla ya kuonekana. Mara ya mwisho aliniuliza, mbele ya mama mkwe, kama nimekuja na gari au na mashine ya kusaga. Walicheka wote. Mke wangu naye, kidogo.

Safari hii atakoma. Nimenunua plagi mpya za injini, zote nne. Pikapu itanong'ona! Fundi sikumwita. Wiki iliyopita nilitangaza kwa kinyozi kwamba fundi ni mtu anayefungua boneti na kuguna. Kumbe fundi mwenyewe alikuwa kwenye kiti, uso umejaa povu.

Karatasi ya kwenye boksi inasema chomoa waya mmoja, badilisha plagi yake, rudisha, ndipo uende kwa wa pili. Hayo ni ya watu wasiojiamini. Nikang'oa nyaya zote kwa mpigo. Tochi nimeshika kwa meno. Kwa kawaida anashika mke wangu.

Nikawasha. Ikakohoa, ikatetemeka mpaka kioo cha pembeni kikanigeuzia mgongo. Ikazima.

Jumanne, 5 Agosti

Nimezirudisha plagi dukani. Muuza vipuri akazitazama moja moja, akasema ni nzima, kibovu ni kichwa. Nikamuuliza kama ana kichwa kingine cha injini. Akasema kichwa anachokisema hakiuzwi, mtu huzaliwa nacho. Nimefika mtaa wa pili, plagi zangu mfukoni, ndipo nikaelewa. 

Mafundi wana neno lao: gari inamisi. Yaani zamu ya silinda ikifika, haichomi, na wenzake wanabeba mzigo wake. Nikaona mke wangu ajue mapema. Nikamtumia ujumbe: "Gari inamisi."

Akajibu palepale: "Maskini gari. Na mwenye gari je?"

Nikaandika: "Mwenye gari anaangalia plagi." Nikatuma!

Punda mimi. Nilikuwa nanawa mikono ndipo kikaniingia alichokuwa anauliza: kama ninammisi yeye. Nikachukua simu niandike upya, nikaona haya, eti mtu mzima. Nimekaa kitandani upande wake. Mto wake ulikuwa unanukia mafuta yake ya nywele. Sasa unanuka mimi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimempigia fundi. Nilibana pua, nikasema mimi ni msafiri, nina rafiki ambaye pikapu yake inamisi tangu abadilishe plagi. Fundi akasema nyaya zimechanganywa. Zote zinatoka kwenye kile kifuniko cheusi cha kugawa moto, na kila mmoja una silinda yake. Zipangwe kwa mzunguko wa mshale wa saa: wa kwanza, wa tatu, wa nne, wa pili. Wa kwanza uwekwe saa moja. Kisha akaniomba nimsalimie rafiki yangu, nimwambie fundi anaguna.

Saa moja! Rahisi kama kunywa maji. Nikatazama saa ya ukutani: ikifika saa moja, mshale mfupi uko kwenye saba. Nikaushindilia waya wa kwanza pale chini, penye saba, nikapanga na nyingine. Nikawasha.

Mlipuko! Mtaa mzima ulitoka nje. Kinyozi wa ng'ambo alikuwa anamchonga mwalimu ndevu, wembe ukaenda safari yake. Mwalimu sasa ana ndevu upande mmoja.

Baraza likakaa hapohapo kwenye boneti. Kinyozi akasema nimefanya sawa, hata mtoto anajua saa moja mshale uko kwenye saba. Mwalimu akafoka kwamba fundi alimaanisha penye namba moja, juu, ng'ambo kabisa. Jirani akauliza ni saa moja ya asubuhi au ya jioni. Swali zuri, sikuwa nimelifikiria. Mwalimu akasema tena kwamba hata hiyo juu na chini inategemea mtu kasimama wapi. Nikamwambia sipokei ushauri wa mtu mwenye ndevu nusu.

Wameondoka. Kimya. Mke wangu angekuwepo angecheka mpaka akae chini, na mimi ningenuna, kisha angeniletea chai. Nimejitengenezea chai. Nimenuna peke yangu. Haina ladha.

Alhamisi, 7 Agosti

Mwanyumba kapiga simu. Amesikia nina matatizo. Sijui nani kamwambia, labda mlipuko ulifika huko. Akasema nisihangaike, cherehani linaingia kwenye buti lake, atamleta shemeji yake mwenyewe mpaka mlangoni. Nikamjibu pikapu iko shwari, inaunguruma kama mtoto aliyeshiba. Akaomba kuisikia.

Nikambeba paka wa jirani, nikamkuna shingo, nikaweka simu tumboni mwake. Mwanyumba akasikiliza kwa makini. Akasema hiyo injini ina kikohozi. Paka naye akanikwaruza.

Basi, nimechoka. Nimekaa kwenye usukani wa gari lisilokwenda popote. Kwenye kiti cha pembeni kuna pini ya nywele ya mke wangu, imejificha kwenye mshono. Nikaishika. Nikamwandikia haraka kabla haya haijanikuta: "Mwenye gari anamisi silinda zote nne."

Simu ikalia. Ni yeye. Nilisikia fimbo ya mama yake ikigonga sakafu. Kisha mke wangu akauliza, taratibu, waya wenye uzi mwekundu nimeuweka wapi. Uzi gani? Akasema aliufunga yeye, uzi wa cherehani, siku ile tulipokwama njiani, ili tusisahau wa kwanza. Nikatazama. Upo! Mimi miaka yote nilidhani ni uchafu.

Akasema huo unaingia kwenye tundu la kifuniko linaloelekea anaposimama yeye na tochi. Kwenye taa ya kushoto, hapo hapo, siku zote. Nikaenda nikasimama mahali pake. Pana tope lililokauka lenye alama ya kiatu chake. Nikachomeka. Nikazipanga nyingine.

Imewaka! Haitetemeki. Haiungurumi. Nimeweka sikio kwenye boneti kuhakikisha haijazima. Nimekata na ule uzi, maana sasa nimeshajua, na haupendezi.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimefika ukweni kabla jua halijawa kali. Kimya kabisa! Nimempita mwanyumba akiosha gari lake, hakugeuka hata shingo. Nimeegesha mbele ya mlango, nimekaa kwenye usukani, nasubiri watoke washangae.

Hakutoka mtu.

Nimengoja. Najua ningepiga hodi, lakini mtu hapigi hodi kwenye ushindi wake. Jua limepanda. Shati limenigandia mgongoni.

Baadaye sana mke wangu akatoka kumwaga maji. Macho mekundu. Akaniona, beseni likamponyoka. Akaniuliza nimefika saa ngapi. Nikamwambia. Akasema tangu asubuhi amekaa kwenye dirisha la uani anasikiliza, maana pikapu yangu huisikia tangu kwenye kona ya mbali, na moyo wake huanza safari hapo. Leo hakusikia kitu. Mama yake alishamwambia, mwanangu, hakuja. Alishaanza kutoa nguo kwenye sanduku.

Nilitaka kumweleza kuhusu plagi. Nikamshika mkono mbele ya mama mkwe, na mama mkwe akajifanya anatafuta fimbo yake.

Tumerudi polepole, cherehani nyuma limefungwa kamba. Ameuliza mara mbili kama gari imezima.

Jumapili, 10 Agosti

Yupo! Naandika huku nasikia cherehani chumbani. Mto umerudishwa kwa mwenyewe.

Nimelala nikiwaza dirisha lile. Mwanamke kakaa anasikiliza ngurumo yangu, na mimi nimeenda kuiua kwa mikono yangu! Kumbe ile kelele ndiyo ilikuwa hodi yangu. Nimepata mpango, safi kabisa. Narudisha plagi za zamani, zote nne, leo hii jioni. Sitamwambia. Kesho akiwa sokoni anisikie tangu kona ya mbali.

Fundi amepita, akanikuta nimefungua boneti. Akaniomba niweke walau alama ya chaki kwenye waya wa kwanza. Akaguna. Nikamwambia aende salama.

Karatasi ya kwenye boksi nimewashia jiko. Nimeng'oa nyaya zote kwa mpigo. Alama ya nini? Wa kwanza unaelekea anaposimama mke wangu. Nikamwita aje na tochi, sababu sikumwambia.

Amekuja. Kasema penye taa ya kushoto kuna tope la maji ya kufulia, akasimama kulia. Waya wa kwanza nao ukamfuata.