Mkoa wa Mvinyo Wahamia Bondeni

"Kwa heshima na taadhima, umma unatangaziwa kwamba Mkoa wa Mvinyo, uliokuwa kilimani tangu enzi za mababu, utahamia bondeni, nyuma ya nyumba ya Mwenyekiti."

Tangazo hilo la wiki iliyopita nililiandika mimi, Katibu wa Kamati ya Mipaka ya Mvinyo Mweupe. Hata ramani niliichora mwenyewe, kwa rula.

Sababu ni za kitaalamu. Mwenyekiti amepanda mizabibu bondeni, na sheria hairuhusu jina la mkoa kuandikwa kwenye chupa ya nje ya mkoa. Jina hilo wanunuzi wanaligombania: mvinyo mweupe mkavu, hauna sukari hata chembe, ukali wake mwepesi kama wa ndimu, ukiumeza ulimi unachangamka. Una kasoro moja tu. Unatengenezwa na mjane mmoja wa kilimani, asiye na cheo chochote.

Mjane alikuja ofisini na buti zake zilizojaa udongo.

"Mwanangu, mkoa unahamaje? Mbona kilima kiko palepale?"

"Mama, kilima ni suala la jiografia. Mkoa ni suala la utawala."

"Na mizabibu yangu je?"

"Mkoa hauwezi kuwa na ladha mbili. Kutakuwa na jaribio. Itakayoshindwa itang'olewa na mizizi yake."

Mizabibu ile aliipanda na marehemu mumewe, shimo kwa shimo. Nilimhurumia sana, nikaiingiza huruma hiyo kwenye kumbukumbu za kikao, chini ya Mengineyo.

Siku ya jaribio, chupa mbili zilifunikwa kwa bahasha za kaki ili haki itendeke. Mwenyekiti akaninong'oneza mlangoni:

"Katibu, chupa yangu unaijua. Usije ukaniangusha. Ipe heshima yake."

"Ondoa shaka, mzee."

Nikaipa. Kila aliyewahi kuhudhuria hafla ya serikali anajua kwamba mgeni rasmi huingia mwisho, watu wote wakiwa wameshakaa. Basi chupa ya Mwenyekiti nikaiweka ya pili.

Waonjaji wa kwingine huonja na kutema. Wajumbe wetu walimeza, kwa kuwa mali ya umma haitupwi bila kibali. Mwenyekiti alionja chupa ya kwanza, akakunja uso kwa uzalendo mkubwa.

"Takataka! Maji ya kuoshea vyombo! Mwenye shamba hili ni adui wa maendeleo. Ling'olewe kesho saa mbili!"

Ya pili aliisifia kabla haijafika kooni. Kisha akaikohoa, machozi yakamtoka, akaendelea kusifia.

"Huu ndio mkoa wenyewe! Upewe muhuri wa miaka thelathini!"

Hapo mjane, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, akainuka. "Mwanangu Katibu, hebu andika vizuri. Inayong'olewa ni ya kwanza?"

"Ya pili!" akafoka mjumbe mmoja mzee, aliyekwisha kumeza mara nne. "Ya kwanza ndiyo tunayokunywa humu kila Ijumaa!"

Wajumbe wote wakapiga kura, ya kwanza ipite. Mwenyekiti, akiamini wajumbe wake hawawezi kupigia kura chupa isiyo yake, akadhani ni yeye aliyekosea chupa, akageuza maneno yake papo hapo, akasaini, akagonga muhuri mara tatu.

Nikafunua bahasha. Mjane alicheka mpaka akashika ukuta.

Leo saa mbili kamili vibarua wameingia bondeni. Mwenyekiti amekata rufaa, nami nimeipokea na kuipa namba. Kwa mujibu wa kanuni, rufaa husikilizwa na Mwenyekiti, ambaye kwa sasa hapatikani ofisini: amekumbatia mzabibu, anawabembeleza vibarua waweke majembe chini.